Riwaya Uipendayo Inapogeuzwa Sinema

BILA shaka, msomaji, umewahi kuyasikia mabishano haya, iwe ni sebuleni kwako au ndani ya matatu jioni. Watu wawili wametazama filamu moja. Mmoja anaisifu hadi mate yanamkauka. Mwenzake, aliyesoma kitabu kabla ya kutazama, anatikisa kichwa na kusema: "Wameiharibu. Kitabuni haikuwa hivyo." Yule wa kwanza anabaki kinywa wazi, kwani hata hakujua kwamba palikuwa na kitabu.

Nani kati yao anasema kweli? Huenda ni wote wawili. Riwaya inapohamia kwenye sinema, hupitia mikono ya watu wengi, na kila mkono huongeza chake na kupunguza chake. Leo tunakualika uitazame safari hiyo kwa makini, hasa ikiwa wewe ni mzazi mwenye mtoto wa shule ya upili, au wewe mwenyewe ndiwe mwanafunzi unayejiuliza kama kuna haja ya kusoma kurasa mia mbili ilhali hadithi yote inaweza kutazamwa kwa saa mbili.

Uhusiano wa vitabu na sinema si jambo geni mjini. Katika enzi ambapo wakazi wa Nairobi walipiga foleni mbele ya majumba kama Odeon, Globe, Kenya Cinema na 20th Century, filamu nyingi walizozikimbilia zilikuwa zimezaliwa katika riwaya. Vitabu vyenyewe viliuzwa vikiwa vikuukuu, vimetandazwa kando ya barabara, karibu na majumba hayo hayo. Mtu angeweza kununua The Day of the Jackal ya Frederick Forsyth, iliyochapishwa mwaka wa 1971, kisha akaitazama filamu yake iliyotoka mwaka wa 1973. Sinema nyingi za zamani zimefungwa au zimegeuzwa kuwa kitu kingine, lakini majina ya Odeon na Globe yangali midomoni mwa makondakta.

KURASA MIA NNE, SAA MBILI

Hebu tuanze na hesabu. Mswada wa filamu huandikwa kwa namna ambayo ukurasa mmoja hukadiriwa kuwa dakika moja ya kutazama. Kwa hivyo filamu ya saa mbili ina mswada wa kurasa 120 hivi, na kurasa zenyewe zina nafasi nyingi nyeupe, kwa kuwa zimejaa mazungumzo na maelezo mafupi ya vitendo. Sasa chukua riwaya nene ya kurasa 400. Utaishindilia vipi ndani ya mswada huo?

Jibu ni kwamba haiwezekani. Lazima kisu kipite. Wahusika watatu huunganishwa wakawa mmoja. Safari iliyochukua sura nzima hugeuka gari linalopita kwa sekunde tano. Shangazi aliyekuchekesha sana kitabuni huenda asionekane kabisa.

Mfano maarufu ni The Godfather. Mario Puzo aliitoa riwaya hiyo mwaka wa 1969, ikanunuliwa kama maandazi ya moto asubuhi. Filamu yake, iliyoelekezwa na Francis Ford Coppola, ilitoka mwaka wa 1972 na kutwaa tuzo ya Oscar ya filamu bora. Puzo mwenyewe alishirikiana na Coppola kuuandika mswada, na wawili hao wakatuzwa kwa kazi hiyo. Hata hivyo, pamoja na mwandishi kuwapo mezani, sehemu kubwa za kitabu ziliachwa. Mambo ya mwimbaji Johnny Fontane, ambayo kitabuni yanachukua kurasa nyingi, yalipunguzwa yakawa kidogo tu. Maisha ya ujana wa mzee Vito Corleone hayakuonekana kabisa hadi filamu ya pili ilipotoka mwaka wa 1974.

Je, walikosea? Wengi waliosoma kitabu na kutazama filamu husema kuwa filamu ilipata nguvu kwa sababu ilikubali kuacha mengi. Ilishika jambo moja, yaani mzee anayezeeka na mwanawe anayeingia katika biashara ambayo hakuitaka, ikalishikilia hadi mwisho. Mshika mawili moja humponyoka, na filamu iliyojaribu kushika kila sura ya kitabu mara nyingi huponyokwa na zote.

MAWAZO HAYAPIGWI PICHA

Ugumu wa pili ni mkubwa kuliko wa urefu. Riwaya ina uwezo wa kuingia ndani ya kichwa cha mtu. Kamera haina.

Mfikirie Kongowea Mswahili, mhusika mkuu wa Siku Njema, riwaya ya marehemu Ken Walibora iliyochapishwa mwaka wa 1996 na kusomwa na watahiniwa wengi wa Kenya. Kongowea anatusimulia mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza, jinsi alivyofunga safari kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta babake. Tunayajua mashaka yake, aibu yake na matumaini yake kwa kuwa anatunong'onezea sisi wasomaji. Lau ungepewa kazi ya kuigeuza riwaya hiyo kuwa filamu, ungefanyaje na minong'ono hiyo yote? Ungeweza kuweka sauti inayosimulia juu ya picha, lakini ukizidisha, watazamaji wataona kwamba wanasomewa kitabu gizani.

Hapa ndipo ufundi wa mwelekezi hujulikana. Mwandishi anaweza kuandika kwa sentensi moja kwamba mama fulani amelificha jambo kwa miaka ishirini. Mwelekezi hawezi kupiga picha ya miaka ishirini. Itambidi atafute sanduku lililo chini ya kitanda, barua iliyokunjwa hadi ikakatika mikunjoni, au mkono unaosita mlangoni. Ukimwona mwigizaji anasita hivyo na moyo wako ukashtuka bila kuambiwa neno, jua kwamba sura nzima ya kitabu imepita mbele ya macho yako. Macho hayana pazia, na filamu nzuri huutumia ukweli huo.

MWISHO UNAPOBADILISHWA

Kuna jambo moja ambalo huwaudhi wasomaji kuliko yote: mwisho kubadilishwa.

Tsotsi ni riwaya ya Athol Fugard wa Afrika Kusini, aliyefariki mwaka wa 2025. Aliiandika mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikakaa bila kuchapishwa hadi mwaka wa 1980. Inamhusu kijana jambazi asiyejua hata jina lake la kuzaliwa, ambaye anajipata na mtoto mchanga mikononi. Kitabuni, tuko Sophiatown katika miaka ya 1950, wakati serikali ya ubaguzi wa rangi ilipokuwa ikibomoa makazi ya watu weusi. Mwanamke aliyejawa na hofu anamtwika kijana huyo mtoto aliyetiwa ndani ya sanduku la viatu. Mwishowe Tsotsi anafia chini ya kuta zinazobomolewa, akijaribu kumwokoa mtoto huyo.

Gavin Hood alipoielekeza filamu ya mwaka wa 2005, aliihamishia hadithi katika Afrika Kusini ya baada ya uhuru. Hapa Tsotsi anaiba gari la familia yenye mali, kisha anagundua kwamba kuna mtoto kwenye kiti cha nyuma. Mwisho wake, anamrudisha mtoto kwa wazazi na kuinua mikono mbele ya polisi. Filamu hiyo ilishinda Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni mwaka wa 2006.

Zingatia tofauti hiyo. Kitabuni, mkosaji mkubwa ni serikali yenye matingatinga, na kijana anakufa kwa tendo jema la kwanza maishani mwake. Katika filamu, matingatinga hayapo tena. Lililopo ni pengo kati ya jumba lenye lango la umeme na kibanda cha mabati, na swali ni kama kijana aliyekosa anaweza kurudi kwa watu. Mwelekezi hakubadilisha kwa sababu ya uvivu. Nchi yenyewe ilikuwa imebadilika. Hata hivyo, mwanafunzi anayetaka kuujua ubaguzi wa rangi ulivyowasaga watu wa Sophiatown hataukuta katika filamu hiyo, hata akiitazama mara kumi. Itambidi afungue kitabu.

SEMBENE NA WASIOJUA KUSOMA

Pengine sasa unafikiri kuwa makala haya yanataka kusema kwamba kitabu ni bora kila siku. La hasha. Msikilize Ousmane Sembene wa Senegal.

Sembene, aliyezaliwa mwaka wa 1923, alifanya kazi ya kupakua mizigo katika bandari ya Marseille huko Ufaransa. Huko ndiko alikoanza kuandika riwaya, kwa Kifaransa. Alipata sifa, lakini aliporejea Afrika mnamo miaka ya uhuru aliona jambo lililomkosesha raha. Watu aliokuwa akiwaandika, yaani wachuuzi, wafanyakazi wa reli na akina mama wa vijijini, hawakuweza kuvisoma vitabu vyake. Wengi hawakujua kusoma, na waliojua hawakuwa wote wanajua Kifaransa. Basi mwaka wa 1962, akiwa na karibu miaka arobaini, alikwenda Moscow kujifunza utengenezaji wa filamu.

Matunda yake yalikuwa mengi. Mwaka wa 1968 aliigeuza hadithi yake mwenyewe kuwa filamu ya Mandabi, iliyozungumzwa kwa Kiwolof. Inamhusu mzee Ibrahima Dieng, anayetumiwa hundi ya posta na mpwa wake aliye Paris. Mzee hawezi kuchukua fedha hizo kwa sababu hana kitambulisho, na kila ofisi inamtuma kwingine, huku majirani na matapeli wakimzunguka kama nzi. Mkenya yeyote aliyewahi kuzungushwa kati ya dirisha hili na lile hahitaji kufasiriwa hadithi hiyo.

Kisha kukaja Xala, riwaya ya mwaka wa 1973 na filamu ya mwaka wa 1975, kuhusu mfanyabiashara tajiri anayeoa mke wa tatu na kupatwa na laana usiku wa harusi. Kuna binti yake, Rama, ambaye katika filamu anamjibu babake kwa Kiwolof kila anaposemeshwa kwa Kifaransa. Kitabuni, mwandishi anayeandika kwa Kifaransa hana budi kutueleza ni lugha gani inayosemwa. Katika filamu, tunaisikia sisi wenyewe, na tunauona uso wa baba ukibadilika. Neno moja la Kiwolof linafanya kazi ya aya nzima. Wakaguzi wa filamu wa Senegal waliona nguvu hiyo pia, wakakata baadhi ya sehemu kabla ya kuiruhusu ionyeshwe.

Kwa Sembene, aliyefariki mwaka wa 2007, filamu ilikuwa shule ya usiku kwa watu ambao riwaya iliwafungia mlango. Ukiwa na nyanya kijijini asiyejua kusoma, lakini anayependa hadithi kuliko nyinyi nyote, utamwelewa upesi.

HADITHI YETU, KAMERA YA NANI?

Turudi nyumbani. Kenya imeonekana katika filamu nyingi zilizotokana na vitabu. Out of Africa ya mwaka wa 1985, iliyotokana na kumbukumbu za Karen Blixen zilizochapishwa mwaka wa 1937, ilipata Oscar saba. Nowhere in Africa, filamu ya Kijerumani ya mwaka wa 2001 iliyotokana na riwaya ya Stefanie Zweig, nayo ilitwaa Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Mwigizaji Mkenya Sidede Onyulo aliwapendeza wengi humo kama Owuor, mpishi wa familia ya Kiyahudi iliyokimbilia Kenya.

The Constant Gardener ni riwaya ya John le Carré ya mwaka wa 2001. Tessa, mkewe ofisa wa ubalozi wa Uingereza jijini Nairobi, anauawa karibu na Ziwa Turkana baada ya kufuatilia kampuni ya dawa inayowajaribia maskini dawa ya kifua kikuu. Mwelekezi Fernando Meirelles wa Brazil aliipiga filamu yake Kibera penyewe na Loiyangalani, ikatoka mwaka wa 2005. Baada ya kazi, wahusika wa filamu hiyo walianzisha mfuko wa kusaidia wakazi wa sehemu hizo mbili, jambo ambalo si wote wanaokuja na kamera hulikumbuka.

Lakini jiulize, msomaji: katika hadithi hizo, nani huwa katikati ya picha? Milima ni yetu, vumbi ni letu, na wanaopita nyuma ni sisi. Aliye mbele, ambaye machozi yake hupigwa picha kwa karibu, mara nyingi ametoka ng'ambo. Hili si kosa la mwandishi wa ng'ambo, kwani kila mtu huandika alichokiona kutoka dirishani kwake. Tatizo ni dirisha letu kubaki limefungwa.

Si kwamba hatuna riwaya. Mwaka wa 1974 Meja Mwangi alichapisha Carcase for Hounds, hadithi ya Jenerali Haraka na wapiganaji wake wa msituni wakati wa vita vya Mau Mau. Riwaya hiyo iligeuzwa filamu, Cry Freedom ya mwaka wa 1981. Usiichanganye na filamu nyingine yenye jina hilo hilo iliyotoka mwaka wa 1987, inayomhusu Steve Biko. Na ni nani aliyeiona thamani ya kitabu hicho cha Mkenya akakipeleka kwenye sinema? Ni Ola Balogun, mwelekezi kutoka Nigeria. Waliosema mcheza kwao hutuzwa huenda hawakuwa wamewaza juu ya watengenezaji filamu wetu.

KISWAHILI CHATUA TORONTO

Sasa tusogee pwani, tuvuke hadi Unguja. Vuta N'kuvute ni riwaya ya Adam Shafi iliyochapishwa jijini Dar es Salaam na Mkuki na Nyota mwaka wa 1999. Wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita nchini Tanzania wameisoma kwa miaka mingi. Inamsimulia Yasmin, msichana wa asili ya Kihindi aliyeozwa kwa Raza, mwanamume anayetosha kuwa babake. Yasmin anaitoroka ndoa hiyo, jamaa zake wanamkataa, naye Mwajuma, mwanamke Mwafrika mwenye moyo mkunjufu na mapenzi ya taarabu, anamkaribisha kwake. Ndipo anapokutana na Denge, kijana mpigania uhuru ambaye serikali ya Waingereza haimwachi apumue.

Mwaka wa 2021, mwelekezi Mtanzania Amil Shivji aliileta riwaya hiyo kwenye sinema. Iliigizwa kwa Kiswahili, ikapigwa Zanzibar kwenyewe, na mwezi Septemba ikaonyeshwa katika tamasha la filamu la Toronto, Kanada. Mwaka uliofuata Tanzania iliichagua kuiwakilisha katika mashindano ya Oscar ya filamu za kimataifa. Yasmin aliigizwa na Ikhlas Gafur Vora, Denge na Gudrun Columbus Mwanyika, naye Mwajuma akaigizwa na Siti Amina, ambaye ni mwimbaji wa taarabu kwelikweli.

Hapa yale yote tuliyoyataja yanaonekana mahali pamoja. Riwaya inatembea sana. Inakwenda Mombasa, inafika Tanga, na inamfuata Yasmin kwa miaka na kwa zaidi ya pendo moja. Filamu inatulia Unguja na kulishika pendo la Yasmin na Denge pamoja na harakati za uhuru. Msomaji aliyempenda Bukheti wa kitabuni ana haki ya kulalamika.

Lakini tazama kilichopatikana. Adam Shafi anapoandika kwamba taarabu inapigwa, wewe msomaji wa Nairobi au Eldoret unasikia kadiri ulivyojaliwa na masikio yako ya ndani. Katika filamu unaisikia, unaona vichochoro vya usiku, na unayasikia matamshi ya Kiunguja jinsi yanavyopanda na kushuka. Kwa mwanafunzi wa bara ambaye Kiswahili chake ni cha darasani na cha mitaani, hilo ni somo tosha.

Hata jina lenyewe ni funzo. Kwa watazamaji wa ng'ambo filamu iliitwa Tug of War, yaani ule mchezo wa kuvutana kamba. Ni tafsiri nzuri, ila haina watu wawili waliomo ndani ya Kiswahili: "vuta", wewe, "n'kuvute", mimi nawe. Ndani ya jina hilo fupi mna mkoloni na mtawaliwa, mume na mke, na wapendanao pia. Utamu huo hauonekani kwa kamera yoyote.

MWENYE KITABU APATE CHAKE

Tusisahau jambo la fedha. Vijana wengi siku hizi wana simu zinazoweza kupiga picha nzuri, na vikundi vya maigizo huzunguka shuleni vikiigiza vitabu vya fasihi. Juhudi hizo ni za kupongezwa. Lakini je, mwandishi aliombwa?

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 ilimpa mwenye kitabu haki ya kuamua ni nani atakayekigeuza kuwa kazi ya namna nyingine, ikiwamo filamu. Haki hiyo haikomi siku anapozikwa. Sheria hiyo iliilinda kwa miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake, ili mjane na watoto wapate chochote. Kwa kawaida, mtengenezaji filamu hulipa kwanza kiasi kidogo ili apewe muda, tuseme mwaka mmoja au miwili, wa kutafuta fedha bila mwingine kumtangulia. Akizipata, hulipa kiasi kikubwa na kuinunua haki yenyewe. Akizikosa, haki hurudi kwa mwenyewe.

Waliosoma Kidagaa Kimemwozea wanakumbuka jinsi mswada wa kijana Amani ulivyoishia mikononi mwa Mwalimu Majisifu, ukachapishwa kwa jina lisilo la aliyeutolea jasho. Sote tulimkasirikia Majisifu. Basi tuwe na hasira hiyo hiyo tunapoona riwaya ya mtu imegeuzwa video na kuuzwa bila idhini yake. Mwandishi asiyelipwa kwa kitabu cha kwanza huenda asituandikie cha pili, na hapo atakayepoteza ni wewe na mimi.

EWE MWANAFUNZI, TAHADHARI

Sasa tuseme na wewe uliye kidato cha tatu au cha nne. Unajua kwamba video za vitabu teule zimejaa mitandaoni. Unajiambia kuwa utazitazama wikendi moja, kazi iishe.

Fikiria swali ambalo hutungwa mwaka nenda mwaka rudi: unapewa maneno ya mhusika na kuambiwa uliweke dondoo hilo katika muktadha wake, kwa alama nne. Nani anasema, anamwambia nani, wapi, na kwa nini? Maneno hayo yametolewa kitabuni, neno kwa neno. Huenda katika video yalikatwa, au yalitiwa kinywani mwa mhusika mwingine kwa sababu yule wa kwanza aliondolewa. Kisha unaulizwa mbinu ya lugha iliyotumika. Tashbihi, jazanda na tanakali za sauti ziko katika sentensi za mwandishi, wala huwezi kuziona katika nguo za mwigizaji. Mtahini anakutahini wewe juu ya mwandishi, hakutahini juu ya mwelekezi.

Kwa hivyo soma kwanza, utazame baadaye. Ukisoma kwanza, utakuwa umewaumba wahusika kwa akili zako mwenyewe. Mtemi wako atakuwa na sauti uliyompa wewe. Ukianza na filamu, sura ya mwigizaji itang'ang'ania kichwani, na kila ukifungua kitabu utamwona yeye tu. Isitoshe, aliyesoma kwanza hutazama filamu kama mkaguzi: anajua kilichoachwa, anajua kilichoongezwa, na anaweza kueleza sababu. Huyo ndiye mwanafunzi anayeandika insha ya kumfanya mtahini atabasamu.

JARIBUNI NYUMBANI

Nanyi wazazi, hapa kuna jambo la kufanya likizo ijayo ambalo halina gharama kubwa. Chagueni riwaya moja iliyogeuzwa filamu, inayofaa umri wa watoto wenu. Angalieni kiwango cha umri kilichowekwa na bodi ya filamu, maana baadhi ya filamu tulizozitaja, kama vile Tsotsi na The Godfather, zina mauaji na lugha isiyofaa watoto wadogo. Someni kitabu kwa zamu, sura moja kila jioni, anayejua kusoma vizuri akiwasomea wengine. Mkimaliza, tazameni filamu pamoja, kisha kila mmoja ajibu maswali matatu.

La kwanza: ni jambo gani lililoachwa, na je, ungeliacha wewe? La pili: ni jambo gani ambalo filamu ilikuonyesha na kitabu hakikuweza? La tatu: mwisho ukibadilika, ni nani anayenufaika na mabadiliko hayo, na ni nani anayesahauliwa?

Mkipenda, mwende hatua moja mbele. Chukueni riwaya ya Kiswahili mnayoijua, kwa mfano Utengano ya Said Ahmed Mohamed, na muwaze kwamba mmepewa kazi ya kuipiga picha. Ni nani mtaani kwenu anayefaa kuwa Maimuna? Bwana Maksuudi mtampata wapi, na atavaa nini? Ni picha gani ya kwanza itakayoonekana taa zikizimwa? Mtashangaa kwamba hata yule mtoto asiyependa kusoma atakimbilia kitabu kuhakikisha kwamba dada yake hakukosea kuhusu rangi ya ukuta au neno alilolisema Biti Kocho.

Na huenda mmoja wa watoto hao, miaka kadhaa ijayo, akabisha mlango wa mwandishi wetu akiwa na kamera begani na mkataba mkononi, akamwomba idhini. Siku hiyo ikifika, tutapanga foleni tena kama walivyopanga wazee wetu nje ya Odeon, na wengine wetu tutatoka humo tukitikisa vichwa na kusema kuwa kitabuni haikuwa hivyo.